Kinu kina hasara, malori yanalipa kodi: je, hasara inaweza kuhamishwa?

SWALI

Ndugu washauri, salaam.

Familia yetu ina kampuni tatu, zote zimesajiliwa BRELA na kila moja ina TIN yake. Ya kwanza ni ya malori, yadi yake iko Kizota hapa Dodoma. Ya pili ni kinu cha kukamua alizeti, kiko Kibaigwa. Ya tatu ni ndogo, ina shamba la alizeti upande wa Mpwapwa. Hisa za zote tatu ni zetu wenyewe kwa mgawo uleule: mimi asilimia 50, mke wangu 30, mdogo wangu 20.

Mwaka uliokwisha Desemba malori yalipata faida ya shilingi milioni 180, na kodi yake ni milioni 54. Kinu kilipata hasara ya milioni 140, na huu ni mwaka wa nne mfululizo. Vitabu vinaonyesha hasara ya jumla ya milioni 420. Shamba nalo lina hasara ya milioni 30. Ukizijumlisha zote, familia imebakiwa na milioni 10, lakini kodi ni milioni 54.

Kijana wetu anayesomea uhasibu kwa mtaala wa Uingereza anasema kampuni za kundi moja zinaweza kupeana hasara. Mhasibu wetu anashauri kinu kiiandikie kampuni ya malori ankara ya milioni 140 ya "huduma za uendeshaji" ili mambo yasawazike. Halafu kuna mfanyabiashara anataka asilimia 60 ya kinu, anasema hizo hasara kwake ni mali. Ritani, yaani taarifa ya mapato tunayopeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), mwisho wake ni Juni 30. Tufanye lipi?

Mkurugenzi, Dodoma

JIBU

Ndugu Mkurugenzi,

Kijana wenu hakosei, ila anasoma sheria ya nchi nyingine. Uingereza kampuni zinazofungamana kwa umiliki wa angalau asilimia 75 zinaruhusiwa kupeana hasara, na mtaala wake unafundisha hivyo. Tanzania haina utaratibu huo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kinaruhusu makato ya hasara "ya mtu" dhidi ya mapato ya mtu huyohuyo, na kila kampuni ni mtu wake mbele ya TRA. Wenye hisa wakiwa walewale, ofisi ikiwa moja, hata mhasibu akiwa mmoja, TIN tatu ni walipakodi watatu. Hesabu jumuishi za kundi ambazo mkaguzi huwaandalia kwa ajili ya benki hazibadilishi hilo. Zile ni za kumwonyesha mkopeshaji hali ya familia nzima. Ritani hupelekwa kampuni kwa kampuni.

Kwa hiyo kwa mwaka uliokwisha, milioni 54 za malori ni za kulipa. Msipunguze hata shilingi kwa sababu ya kinu. Na kwa mwaka unaoendelea, msishushe makadirio ya kodi ya malori mkitegemea hasara ya Kibaigwa: makadirio yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, riba ya kukadiria pungufu inahesabiwa juu yenu.

Sasa ile ankara ya milioni 140. Kama ni ya kuandikwa leo kwa mwaka uliofungwa, iacheni kabisa. Hiyo ni karatasi ya kurudisha tarehe nyuma, na mfumo wa risiti za EFD, yaani mashine za kielektroniki za risiti, unaonyesha siku na saa ilipotolewa. Hata kwa mwaka ujao, tazameni njia itakayopita. Malipo ya huduma kwa kampuni mkazi yanakatwa kodi ya zuio, ambayo mlipaji huizuia kwenye malipo na kuipeleka TRA. Ni asilimia 5, yaani milioni 7, na malori yanatakiwa kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kinu kikiwa kimesajiliwa VAT, kinaongeza asilimia 18, milioni 25.2, na kuipeleka ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, fedha iwe imeingia au la. Malori yanaweza kuidai hiyo VAT kama nayo yamesajiliwa. Ile milioni 7 ndiyo inayosahaulika: ni kodi iliyolipwa kwa niaba ya kinu, lakini kinu chenye hasara hakina kodi ya kuipunguza. Inakaa kwenye akaunti ya TRA mpaka muiombe irejeshwe, na maombi ya marejesho huleta ukaguzi.

Mkaguzi akifika atauliza mambo matatu: kinu kilifanya nini hasa kwa ajili ya malori, je, malori yangelipa bei hiyo kwa mtu baki, na ushahidi uko wapi. Kifungu cha 33 na kanuni za bei baina ya washirika za mwaka 2018 zinataka miamala ya kampuni zenye mwenye mmoja iwe kwa bei ya soko, hata kama pande zote ziko ndani ya nchi. Nyaraka za kuthibitisha bei huandaliwa kabla ya siku ya kuwasilisha ritani, na TRA ikiziomba mna siku 30. Mkishindwa, gharama inafutwa kwenye vitabu vya malori huku mapato yakibaki kwenye vitabu vya kinu. Yaani mmelipa kodi ileile ya milioni 54, mmeongeza adhabu na riba, na papo hapo mmekula milioni 140 ya hasara ya kinu bila faida yoyote. Kati ya njia zote mlizotaja hii ndiyo mbaya kuliko zote.

Hilo halina maana kwamba kampuni hizi haziwezi kutozana. Zinaweza, tena pengine hazitozani vya kutosha. Malori yakisubiri mzigo Kibaigwa yanalala kwenye yadi ya nani? Mizani ya nani inapima mizigo ya wateja wa malori? Ghala la kinu, ambalo mbegu zikiisha hubaki tupu kwa miezi, linahifadhi matairi na vipuri vya nani? Kama majibu yote ni "ya kinu" na hakuna anayelipa, basi kinu kimekuwa kikiyafadhili malori, na sehemu ya hasara yenu imezaliwa hapo. Kwa upande wa pili, angalieni bei ambayo malori yanakitoza kinu kusafirisha mafuta kwenda Dar es Salaam na mashudu kwenda kwa wafugaji. Tumezoea kuona kampuni za familia ambazo bei hii iliwekwa siku ya kwanza na haijaguswa tena. Ikiwa juu ya bei ya soko, kinu kinapoteza na malori yanapata faida ambayo si yake. Kusahihisha bei hizo kuanzia sasa na kwenda mbele ni halali: mikataba ya maandishi, bei za wasafirishaji wengine wawili watatu kama kielelezo, ankara ya kila mwezi, malipo kupitia benki. Kumbukeni kwamba pango la yadi au ghala linakatwa zuio la asilimia 10, si 5.

Kabla ya kufika mbali, hakikisheni hasara mnayoizungumzia ndiyo ambayo TRA inaitambua. Milioni 420 ni ya vitabu. Hasara ya kodi ni hesabu nyingine. Chukueni milioni 140 ya mwaka jana kwa mfano wa kubuni: humo ndani kuna uchakavu wa kihasibu milioni 95, akiba ya madeni mabaya milioni 15, faini milioni 4, na ununuzi wa mbegu milioni 26 usio na karatasi. Vyote hivyo havikubaliwi kama gharama za kodi, kwa hiyo vinajumlishwa tena na hasara inakuwa sifuri. Kisha mnakata uchakavu wa kodi, yaani ule unaokokotolewa kwa viwango vya sheria ya kodi, tuseme milioni 120, na hapo ndipo inapatikana hasara ya kodi: milioni 120. Uchakavu wa kodi wa kinu kipya unaweza kuwa mkubwa, kwa sababu mitambo iliyofungwa kiwandani kwa ajili ya uzalishaji hupata asilimia 50 mwaka wa kwanza, kisha asilimia 25 ya salio kila mwaka.

Ule ununuzi wa mbegu ndio unaoangusha vinu vingi vya kanda ya kati. Msimu ukifika, mkulima analeta magunia, anapimiwa, analipwa taslimu, anaondoka. Baada ya miaka mitatu mkaguzi anaona gharama ya mamilioni isiyo na jina la mtu. Wekeni daftari la mapokezi lenye jina, kijiji, kilo, bei, namba ya simu na sahihi, na lipeni kwa simu au benki kila inapowezekana. Kumbukumbu ya muamala ina nguvu kuliko sahihi.

Jambo jingine: hasara inabebwa mbele bila kikomo cha miaka, lakini si bila masharti. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta kizuizi kwa kampuni yenye hasara isiyofidiwa ya miaka minne mfululizo: inapopata faida, hasara za nyuma haziruhusiwi kumeza faida yote. Kikomo kilichowekwa wakati huo kilikuwa asilimia 70 ya faida ya mwaka. Kinu chenu kimeshafika mwaka wa nne. Viwango vya namna hii huguswa na Bunge, hapohapo Dodoma, kila Juni, kwa hiyo kabla ya kujaza ritani wekeni kiwango cha mwaka husika. Hapa tunatumia 70 kuonyesha hesabu inavyokwenda.

Kuna pia kodi mbadala inayotozwa kwenye mauzo kwa kampuni inayokaa na hasara miaka mitatu mfululizo, mwaka huo na miwili iliyotangulia, pale hasara inapotokana na nafuu za kodi. Ilianza kwa asilimia 0.3 na imekuwa ikipandishwa. Kampuni za kilimo, afya na elimu zimeachwa nje. Kukamua mafuta ni usindikaji. Msijihesabu kuwa wakulima kwa sababu mnanunua alizeti.

Hapo hapo tulizungumzie shamba. Hasara ya kilimo hukatwa kwenye mapato ya kilimo peke yake. Hata mngeliingiza shamba la Mpwapwa ndani ya kampuni ya kinu, zile milioni 30 zisingepunguza faida ya mafuta wala ya malori. Liacheni lilipo mpaka lizalishe. Mkilihamisha kwa sababu za uendeshaji, tunzeni hesabu zake mbali, yaani mbegu, dizeli ya trekta, vibarua na mavuno yanayouzwa kwa kinu kwa bei ya soko la siku hiyo.

Tufike kwenye njia inayofanya kazi. Hasara haihami, biashara inaweza kuhama. Kampuni moja yenye biashara mbili inaruhusiwa kufidia hasara ya biashara moja kwa faida ya nyingine, na hasara za miaka ya nyuma za kampuni hiyo zinaendelea kuwa zake. Maana yake mwelekeo ni mmoja tu: biashara yenye faida iingie kwenye kampuni yenye hasara. Wengi hufanya kinyume. Wanakifunga kinu na kuhamishia mitambo kwenye kampuni ya malori yenye jina zuri, halafu wanagundua kwamba mitambo imefika lakini milioni mia nne zimebaki kwenye ganda tupu huko nyuma.

Tuseme kati ya milioni 420, TRA inakubali 360. Mwaka ujao kazi ya usafirishaji inafanyika ndani ya kampuni ya kinu na kuleta faida ya milioni 180, na kinu chenyewe hakipati wala hakipotezi. Kwa kikomo cha asilimia 70, mnakata milioni 126. Zinabaki 54, kodi yake asilimia 30 ni milioni 16.2 badala ya kodi ya milioni 54. Milioni 234 za hasara zinasubiri mwaka unaofuata. Na kama kinu kitapata hasara mpya mwaka huohuo, inafidiwa na faida ya malori ndani ya mwaka uleule.

Njia nyepesi ya kuanza ni kutohamisha lori hata moja. Mkataba mpya wa usafirishaji unaokuja, kwa mfano wa saruji au nondo za ujenzi wa mji wa Serikali Mtumba, uchukuliwe na kampuni ya kinu kwa jina lake, na malori mapya yanunuliwe kwa jina lake. Kampuni ya zamani inaendelea na mikataba yake hadi iishe. Hapa hakuna mali iliyohama, hakuna thamani ya kubishania. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini ndiyo tungeichagua sisi kama mikataba yenu ni ya mwaka mmoja mmoja.

Mkiamua kuhamisha malori yaliyopo, kanuni ya kawaida ni kwamba mali inayokwenda kwa mshirika huhesabiwa imeuzwa kwa bei ya soko. Lori lililobaki na thamani ya kodi ya milioni 20 huku sokoni likiuzwa milioni 70 litaleta mapato ya kutozwa kodi hata kama hakuna aliyelipa kitu. Kifungu cha 44 kinatoa nafasi ya kuhamisha kwa thamani iliyobaki kwenye vitabu vya kodi, kwa masharti: mali iwe ya biashara kabla na baada ya kuhama, kampuni zote mbili ziwe wakazi, umiliki wa msingi, yaani wa watu halisi walio nyuma ya kampuni, uendelee kwa angalau asilimia 50, na pande zote mbili zitoe tamko la maandishi kwamba zimechagua utaratibu huo. Masharti ya mwanzo mnayo. Tamko ndilo linalosahaulika, na bila tamko mnarudi kwenye bei ya soko.

Nje ya kodi kuna foleni yake. Benki iliyoshika kadi za malori ni lazima ikubali kwanza, na hapo ndipo mipango mingi hufia. Kisha kadi zibadilishwe jina, leseni za usafirishaji za LATRA ziombwe upya kwa kampuni mpya, bima ziandikwe upya, mikataba ya wateja ihamishwe kwa ridhaa yao, na madereva wahamishiwe kwa mwajiri mpya pamoja na michango ya NSSF (hifadhi ya jamii), WCF (fidia kwa wafanyakazi) na stahiki za miaka waliyofanya kazi. Lori likipata ajali katikati ya mabadiliko huku bima ina jina la kampuni ya zamani, hakuna kodi mliyookoa itakayolipa hasara hiyo. Ardhi ya yadi ya Kizota iacheni kwenye kampuni ya zamani, iipangishe mpya.

Angalizo moja: mauzo ya malori yakiingia kwenye kampuni ya kinu, na kampuni hiyo ikabaki na hasara mwaka wa tatu na kuendelea, ile kodi mbadala hupigwa kwenye mauzo yote, ya mafuta na ya usafirishaji. Kama mauzo ya malori ni makubwa na faida yake ni nyembamba, fanyeni hesabu hiyo kwanza. Inaweza kula sehemu nzuri ya mnachookoa.

Na kuna kifungu cha 35, kinachompa Kamishna uwezo wa kuubatilisha mpango ambao shabaha yake ni kukwepa kodi. Kwa hiyo sababu ya kibiashara iwepo kweli na iandikwe kabla, kwenye muhtasari wa bodi: kinu kinahitaji malori yake wakati wa msimu, gharama za ofisi tatu, benki inataka dhamana ya pamoja. Kama fedha inayohusika ni kubwa, sheria ya usimamizi wa kodi inaruhusu kumwomba Kamishna uamuzi wa maandishi juu ya mpango wenu kabla hamjautekeleza. Elezeni kila kitu. Uamuzi unambana Kamishna pale tu maelezo yenu yalipokuwa kamili na kweli.

Kuhusu mfanyabiashara wa asilimia 60. Kifungu cha 56 kinasema umiliki wa msingi ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ukilinganisha na wakati wowote katika miaka mitatu iliyopita, kampuni huhesabiwa imeuza mali zake zote, na hasara za kabla ya mabadiliko hazikatwi tena. Zinanusurika tu kama kwa miaka miwili baada ya hapo kampuni inaendelea na biashara zilezile ilizokuwa nazo katika miezi 12 ya kabla, zote, kwa namna ileile, bila kuongeza nyingine. Yeye akitaka kuingiza biashara yake yenye faida ndani ya kinu, hasara anazozisifia zinayeyuka siku hiyo. Vilevile msiingize malori leo na kuuza asilimia 60 mwakani. Mkihitaji fedha zake, asilimia 40 hazivuki mstari; ila jumlisheni mabadiliko yote ya hisa ndani ya miaka mitatu, pamoja na yale ya ndani ya familia. Msikubali bei inayohesabu hasara kama mali bila ninyi kujua nani atabeba hatari TRA ikizikataa. Wala msikimbilie kufuta deni ambalo kinu kinadaiwa na malori: deni lililofutwa ni faida kwa kinu, na linakula hasara zilezile.

Kuna jambo moja ambalo mlikuwa na nafasi ya kulifanya mwanzoni, na bado mnaweza kwa mradi mpya: ubia usio kampuni. Faida au hasara ya ubia hugawiwa wabia, na kampuni ya malori ikiwa mbia inaipata sehemu yake moja kwa moja. Inasaidia kwa hasara zijazo tu, na mbia anabeba madeni ya ubia, jambo ambalo kwa kinu chenye mkopo si dogo.

Kwa sasa, kabla ya Juni 30: pelekeni ritani tatu kwa wakati, ikiwemo ya shamba, na ya kinu iwe na jedwali la hasara mwaka kwa mwaka, kiasi kilichotangazwa, kilichorekebishwa na TRA, na kilichobaki. Linganisheni jedwali hilo na ritani zilizopokelewa, si na vitabu. Barua ya TRA ikija kupunguza hasara ya kinu, msiseme "hakuna kodi ya kulipa, tuiache". Mna siku 30 za kuweka pingamizi. Zikipita, hasara iliyopunguzwa imepunguzwa, na miaka mitatu baadaye mtakapotaka kuitumia haitakuwepo. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, lakini za mwaka wenye hasara zitunzeni miaka 5 baada ya shilingi ya mwisho ya hasara hiyo kutumika, pamoja na yale madaftari ya mapokezi ya mbegu.